Programu za Imeli za Bure: Ipi Inafaa Biashara Yako ya Likoni, Kisauni au Changamwe?

Ukihesabu imeli ishirini za mwisho zilizoingia kwenye simu yako, utashangaa ni ngapi zinazungumzia pesa. Stetimenti ya mwezi. Invoisi ya sapulaya. Ujumbe wa KRA kuhusu PIN yako. Mgeni wa Shanzu anayeuliza bei ya chumba. Notisi ya kontena lililoshuka bandarini. Wengi wetu tunaficha PIN ya pesa hata mwenza wa nyumbani asiijue, lakini imeli, ambako rekodi za hizo pesa zote zinakaa, tunaisoma kwa programu yoyote iliyokuja na simu, na paswadi tumeiandika nyuma ya daftari la duka.

Leo tunalinganisha programu tano za imeli ambazo unaweza kuzitumia bila kulipa senti: Gmail, Outlook, Yahoo Mail, Thunderbird na Proton Mail. Hatuuzi hata moja kati yao. Tunachotaka ni ujue ipi itakusaidia kumtambua tapeli mapema, kupata stetimenti yako siku unayoihitaji, na kutokula data yote kabla ya Ijumaa.

Akaunti ni kitu kimoja, programu ni kingine

Hapa ndipo watu wengi huchanganya, kwa hivyo tuanze hapa.

Akaunti ni anwani yako pamoja na barua zote zilizohifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni iliyokupa hiyo anwani. Programu ni chombo cha kuzisomea tu. Fikiria laini ya simu. Laini moja unaweza kuiweka kwenye mulika mwizi au kwenye simu ya elfu hamsini, namba yako haibadiliki. Imeli nayo ni hivyo hivyo. Kama una akaunti ya Yahoo uliyofungua zamani ukiwa shule, unaweza kuisoma ndani ya programu ya Gmail, ya Outlook au ya Thunderbird. Wateja wako hawatajua tofauti na anwani itabaki ile ile.

Maana yake ni kwamba kubadilisha programu si jambo la kuogopa. Hupotezi barua wala hubadilishi kadi za biashara. Unapakua programu mpya, unaweka anwani na paswadi, na barua zinajitokeza. Isipokuwa moja tu kati ya hizi tano, na tutaifikia.

Imeli iliyofunguliwa saiba

Kabla ya kuchagua programu, jiulize swali gumu kidogo: je, hiyo akaunti ni yako kweli?

Ukitoka feri upande wa Likoni, ukipita Bombolulu au ukiingia Chaani, saiba haziko mbali, na zimesaidia watu wengi sana. Lakini iko tabia moja ambayo imetuletea shida. Mtu anakwenda kutoa PIN ya KRA. Mfumo unataka imeli. Yeye hana. Kijana wa saiba anamfungulia papo hapo, anaweka paswadi anayoijua mwenyewe, anaweka na namba ya simu ya saiba, anaprinti cheti, mteja analipa na kuondoka. Hiyo imeli haifunguliwi tena.

Miaka inapita. Mwezi wa Juni unafika, ritani lazima ijazwe kabla ya tarehe 30, na paswadi ya iTax imesahaulika. Unabonyeza kuomba nyingine, mfumo unaituma kwenye imeli, na wewe huwezi kuifungua. Mtu binafsi akichelewesha ritani faini yake inaanzia Sh2,000, hata kama ritani yenyewe ni ya sufuri. Mbaya zaidi, yule anayejua paswadi ya imeli anaweza kuomba paswadi mpya ya karibu kila kitu kilichounganishwa nayo.

Kuna jambo jingine. Kuanzia Desemba 2023, Google ilijipa ruhusa ya kufuta akaunti za kibinafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Ile imeli ya saiba iliyolala tangu zamani inaweza kuwa haipo tena.

Kama bado unaweza kuingia, ingia leo ukitumia simu yako mwenyewe. Badilisha paswadi, toa namba ya simu ya mtu mwingine, weka yako, halafu utoe vifaa vingine vyote vilivyoingia kwenye akaunti hiyo. Kama huwezi kabisa, fungua akaunti mpya kwenye simu yako, kisha nenda ofisi ya KRA au Huduma Centre na kitambulisho ukaombe kubadilishiwa imeli. Fanya hivyo mapema, usingoje foleni ya mwisho wa Juni.

Mambo manne ya kupima

Programu za imeli zina mbwembwe nyingi: rangi, sauti, vibandiko. Kwa mtu wa biashara, yanayohesabika ni manne.

*Data.* Barua yenyewe ya maneno matupu haili data. Kinachokula ni picha na viambatisho. Programu nzuri inakuuliza kabla ya kupakua.

*Kusoma bila intaneti.* Mombasa ndiyo mlango wa intaneti ya Kenya. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua hapa kwetu, na mambo yakabadilika. Lakini mlango ukigongwa, sote tunasikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya, Tanzania na nchi nyingine za jirani. Siku kama hiyo, mwenye invoisi ndani ya simu au kompyuta yake anaendelea na kazi. Mwenye kutegemea brauza peke yake anangoja.

*Kumwonyesha mtumaji halisi.* Jina linaloonekana juu ya imeli mtu anaweza kujiandikia lolote: "KRA", "Benki yako", "Sapulaya wako". Ukweli uko kwenye anwani iliyo nyuma ya jina. Programu inayoificha anwani hiyo inamsaidia tapeli bila kujua.

*Nafasi, na nani anayeishika.* Bure ina mpaka wake. Nafasi ikijaa, barua mpya hazikufikii, na anayekutumia malipo au oda anadhani umempuuza.

Sasa tuzichukue moja moja.

Gmail

Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004, na leo imo kwenye simu nyingi za Android tangu siku ya kununuliwa. Hiyo peke yake inaifanya kuwa chaguo la wengi. Programu yake inapokea pia akaunti za Yahoo, Outlook na za kampuni yako, kwa hivyo unaweza kuwa na anwani tatu ndani ya programu moja.

Uzuri wake mkubwa ni kuchuja. Barua taka nyingi zinakamatwa kabla hujaziona. Mtumaji asipothibitishwa, Gmail huweka alama ya kuuliza mahali ambapo picha yake ingekaa. Ukiiona hiyo alama kwenye imeli inayodai pesa, simama. Ili uone anwani kamili, bonyeza mstari mdogo ulio chini ya jina la mtumaji.

Kwa upande wa data, ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako. Kuna sehemu ya kuamua ni barua za siku ngapi zihifadhiwe kwenye simu, ya kuzuia viambatisho visijipakue nje ya waifai, na ya kukuuliza kabla ya kuonyesha picha. Ukigusa hizo tatu, utaona tofauti kwenye bando yako.

Tatizo lake ni nafasi. Unapewa GB 15, lakini GB hizo ni za Gmail, Google Drive na Google Photos kwa pamoja. Na tangu 2024, nakala za akiba za WhatsApp kwenye Android zinahesabiwa humo humo. Video za harusi na memo za sauti za kikundi cha chama zinaweza kujaza nafasi hadi Gmail yako ikakataa kupokea invoisi. Ukiona onyo la nafasi kujaa, anza kusafisha WhatsApp na picha kabla ya kulaumu imeli. Matangazo yapo, hasa kwenye vichupo vya Matangazo na Mitandao ya Kijamii.

Outlook

Hapa kuna Outlook mbili. Ya kwanza ni ya simu, ambayo Microsoft ilitoa Januari 2015. Ya pili ni ya kompyuta za Windows, iliyochukua nafasi ya ile programu ndogo iliyoitwa Mail, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024. Kama ofisini kwenu mliwasha kompyuta mkakuta Mail haifanyi kazi tena, sasa mnajua sababu.

Outlook inagawa barua mara mbili: zile inazoona ni muhimu na zile nyingine. Kalenda imo ndani, kwa hivyo tarehe ya kutoa mzigo au ya kukabidhi chumba unaiweka hapo hapo. Akaunti ya bure ya Outlook.com ina GB 15 za barua.

Angalia mambo mawili. Kwanza, ule mgawanyo wa barua hukosea. Imeli ya mteja mpya inaweza kuangukia upande wa "nyingine" ukaiona baada ya siku mbili. Kama mgawanyo unakuchanganya, uzime kwenye mipangilio. Pili, ukiongeza akaunti ya Gmail au ya kampuni ndani ya Outlook mpya ya Windows, itakuuliza kuhusu kusawazisha barua zako kupitia kompyuta za Microsoft. Si wizi, lakini ujue kwamba barua zako sasa ziko kwa kampuni mbili badala ya moja. Kama unashika nyaraka za wateja, soma kabla ya kubonyeza "endelea". Na ndiyo, toleo la bure lina matangazo katikati ya barua.

Yahoo Mail

Watu wazima wengi wa Pwani walianza imeli na Yahoo, na bado ziko kwenye mabango ya gereji na maduka ya vipuri. Hakuna aibu. Programu yake ya simu ni nyepesi kutumia na ina njia rahisi ya kutafuta viambatisho na risiti.

Ila kuna historia. Udukuzi wa 2013 uligusa akaunti zote za Yahoo za wakati huo, bilioni 3, na idadi hiyo kamili ilitangazwa 2017. Kama paswadi yako ya Yahoo ni ile ile ya miaka hiyo, ibadilishe kabla hujamaliza kusoma makala hii, na kama uliitumia kwingine, ibadilishe huko pia. Pia mwaka 2025 Yahoo ilipunguza nafasi ya bure kutoka TB 1 hadi GB 20. Waliozoea kutofuta chochote wakakuta wamejaa. Matangazo yake ni mengi kuliko ya wenzake.

Thunderbird

Hii wengi hawaijui, na inastahili kujulikana. Thunderbird ilitoka 2004 chini ya Mozilla, wale wale wa Firefox. Haina matangazo hata moja, inaishi kwa michango ya watumiaji, na mtu yeyote anaweza kukagua jinsi ilivyotengenezwa. Haikupi anwani. Inasoma anwani ulizo nazo tayari, ziwe tano au kumi, na kuziweka kwenye kikasha kimoja ukitaka.

Kwenye kompyuta ndipo inapong'ara. Barua zinahifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hivyo intaneti ikikatika unasoma, unatafuta na hata unaandika majibu yatakayotoka ikirudi. Folda yake yote unaweza kuinakili kwenye fleshi au diski ya nje kila mwisho wa mwezi. Akiba haiozi. Inazuia picha za nje mpaka uruhusu, jambo linalookoa data na kumnyima mtumaji nafasi ya kujua umefungua barua yake. Na kuna chaguo la kuonyesha anwani kamili ya mtumaji kila mara, bila kubonyeza chochote. Kwa ofisi inayolipa invoisi, hilo chaguo moja lina thamani kuliko mapambo yote.

Ya simu za Android ilitoka Oktoba 2024, ikijengwa juu ya programu ya zamani ya K-9 Mail. Inakuruhusu kuweka ukomo wa ukubwa wa barua inayopakuliwa na kuamua iangalie barua mpya kila baada ya muda gani. Mwenye data ya kuhesabu ataipenda.

Kasoro zake? Kuiweka kunahitaji dakika kumi na subira. Ukiulizwa uchague kati ya IMAP na POP, chagua IMAP, maana POP inaweza kushusha barua kwenye kompyuta moja na kuzitoa kule zilikokuwa, kisha simu yako ibaki mikono mitupu. Na kwa kuwa barua zimo ndani ya kompyuta, anayeiba kompyuta ameiba na barua. Weka paswadi ya kuwashia kompyuta na paswadi kuu ya Thunderbird, hasa kama mnatumia mashine moja watu watatu.

Proton Mail

Proton ilianza 2014 Uswisi, na sifa yake ni faragha. Barua kati ya mtumiaji wa Proton na mwenzake wa Proton zinafungwa kwa njia ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Haina matangazo. Inafaa wakili, daktari, au mtu yeyote anayeshika siri za watu.

Lakini bure yake ni ndogo: anwani moja, nafasi isiyozidi GB 1, na barua 150 kwa siku. Na hii ndiyo ile tuliyosema si kama wenzake. Akaunti ya bure ya Proton inasomwa ndani ya programu au tovuti ya Proton tu, huwezi kuiingiza Thunderbird au Gmail. Ukimwandikia mtu wa Gmail, barua yako ikifika kwake ni ya kawaida, isipokuwa umeifunga kwa paswadi. Kwa duka linalopokea picha za bidhaa kila siku, itajaa haraka.

Sasa wewe uchague ipi?

*Una simu moja na biashara ndogo.* Labda unauza madera na mashuka karibu na stendi ya Likoni, au una kibanda cha chakula Mtongwe. Baki na Gmail iliyokuja na simu. Usijisumbue na nyingine. Kazi yako ni kurekebisha mipangilio ya data, kuhakikisha namba ya kurejesha akaunti ni yako, na kutengeneza lebo moja ya "Stetimenti" ili siku benki au sako ikikuomba rekodi za miezi sita usianze kutafuta.

*Una anwani mbili tatu.* Unakodisha vyumba Bamburi, una saluni Mtopanga, na bado una imeli yako ya kibinafsi. Outlook au Thunderbird ya simu zitakupa kikasha kimoja kwa zote. Chagua Outlook kama unaishi kwa kalenda. Chagua Thunderbird kama data ni ya kubana au umechoka na matangazo.

*Una ofisi yenye kompyuta.* Mnatoa mizigo bandarini, mna yadi ya magari au gereji ya malori Changamwe, na siku moja mnapokea invoisi kumi. Tumieni Thunderbird kwenye kompyuta, na Gmail au Outlook kwenye simu ya bosi kwa arifa za haraka. Kama mna anwani ya kampuni inayoishia na .co.ke, inaingia humo bila tatizo. Tahadhari moja: kuna programu ambazo bure yake ni ya matumizi ya nyumbani tu. eM Client ni mfano, leseni yake ya bure hairuhusu kazi ya biashara. Soma masharti kabla ya kuweka ofisini.

Mtego ambao programu peke yake haiuzuii

Tuseme ukweli. Utapeli wa imeli unaouma zaidi hauna virusi wala kiungo cha ajabu. Ni invoisi safi, ya mtu unayemjua, yenye kiasi sahihi, na sentensi moja mpya: "Akaunti yetu iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipa kwa namba hii." Inakuja saa ile una haraka, mzigo unakaribia kuanza kutozwa ada ya kulala yadi, na bosi anapiga simu kila dakika tano.

Usidhani ni wajinga wanaonaswa. Kati ya 2013 na 2015, raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, aliwatumia Google na Facebook invoisi za uongo akijifanya kampuni ya Quanta ya Taiwan, ambayo kweli walikuwa wakifanya nayo biashara. Walilipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa miaka 5 jela mjini New York Desemba 2019. Kama hao wenye wataalamu wa kompyuta waliingia mtegoni, ofisi ya watu wanne Port Reitz nayo haina budi kujipanga.

Ujanja wa kawaida ni kubadilisha herufi moja. Andika neno "mombasa", halafu uandike "mornbasa". Kwenye skrini ndogo ya simu, r na n zikikaribiana zinafanana na m. Ndiyo sababu tumesisitiza programu inayoonyesha anwani kamili. Lakini hata anwani ikiwa sahihi, huenda tapeli ameshaingia kwenye akaunti ya sapulaya wako na anaandika kutoka ndani. Hapo hakuna programu itakayokuonya.

Dawa ni moja na haina gharama kubwa: namba ya kulipia ikibadilika, piga simu. Piga namba uliyokuwa nayo zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye hiyo imeli. Sikia sauti ya mtu unayemjua. Unapolipa, angalia jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Jina la kampuni likigeuka kuwa la mtu usiyemjua, ghairi.

Na kama pesa zimeshatoka, usione haya na usingoje kesho. Wasiliana na benki au kampuni ya malipo saa hiyo hiyo ili jaribio la kuzizuia lianze, kisha uripoti polisi ukiwa na ile imeli yenyewe. Usiifute. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandaoni ya 2018 inatambua makosa haya, na hiyo imeli ndiyo ushahidi.

Fanya haya leo jioni

1. Ingia kwenye imeli iliyosajiliwa KRA na eCitizen. Ikikataa, anza safari ya kuirekebisha sasa.
2. Badilisha paswadi kama kuna mtu mwingine anayeijua, hata kama ni mtu wa nyumbani.
3. Angalia namba ya simu ya kurejesha akaunti. Kama ni laini uliyoiacha, itoe. Laini zisizotumika hugawiwa watu wengine.
4. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Gmail, Outlook, Yahoo na Proton zote zinao bure.
5. Zima viambatisho kujipakua nje ya waifai.
6. Tengeneza folda ya stetimenti na risiti, na unakili yaliyomo kwenye fleshi kila mwisho wa mwezi.
7. Waambie wote wanaolipa bili ofisini: namba mpya, simu kwanza.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuomba PIN kwa imeli, kwa SMS wala kwa simu. Ukipata imeli yenye jina letu na ina shaka yoyote, usiijibu. Tupigie kwa kutumia namba ya huduma kwa wateja iliyo ndani ya app yako, usitumie ile iliyo ndani ya imeli.